Mama Futi, aliyezitafuta kaya za bondeni

Marehemu hakupenda kupambwa kwa maneno. Mwezi uliopita, nikiwa nampaka mafuta miguuni, aliniagiza mimi mdogo wake kwamba siku hii ikifika nisome ukweli, na nisome taratibu. La taratibu halitanishinda. Tumekuwa tukiingia na kutoka hospitalini kwa miezi kumi na minne, na hata sauti imechoka. La ukweli nitajitahidi, na nikiteleza, shemeji yangu amekaa hapa mbele, atanisahihisha kama ilivyo kawaida yake.

Dada alizaliwa Jumatano, tarehe 2 Mei 1956, katika kambi ya wafanyakazi wa barabara. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba na mama yetu, na mimi nilimfuata baada ya miaka minne. Baba alikuwa mnyapara wa kikosi cha kumwaga lami. Tuliishi katika vibanda vya mabati vilivyofunguliwa na kupakiwa kwenye lori kila barabara iliposonga mbele, kwa hiyo kufikia umri wa miaka kumi dada alikuwa ameshalala mahali tisa tofauti akidhani ndivyo watu wote wanavyoishi. Mama alishona ovaroli za vibarua zilizochanika. Asubuhi ya kuhama alikuwa anafagia sakafu ya kibanda ambacho nusu saa baadaye kingekuwa ndani ya lori. Baba alimuuliza anamfagilia nani. Mama alimjibu kwamba mtu haachi uchafu nyuma yake, na akaendelea kufagia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963 na kuimaliza mwaka 1969, akiwa amepita shule tano. Katika shule ya tatu, mwalimu aliwaambia watoto wachore ramani ya nyumbani kwao. Wenzake walichora nyumba, njia, kisima. Dada alichora lori. Mwalimu alimpa sifuri na kumsimamisha mbele ya darasa kwa utani huo. Jioni baba alifika shuleni na ovaroli yake yenye lami, akavua kofia, akamweleza mwalimu kwa heshima kabisa kwamba mtoto hajafanya utani. Mwalimu, alikuwa muungwana, aliifuta ile sifuri. Hakuweka alama nyingine, lakini aliifuta. Dada aliisimulia habari hiyo kwa wanafunzi wake kwa miaka thelathini, na kila mara alimtetea mwalimu.

Alisoma sekondari ya bweni kuanzia 1970 hadi 1973, kidato cha tano na sita mwaka 1974 na 1975, kisha chuo kikuu, alikohitimu shahada ya jiografia mwaka 1979. Wasichana katika darasa lao walikuwa wanne. Alifundisha sekondari miaka minne na kitu. Aliipenda kazi ile, ila alisema alichoka kuchora ubaoni mito ambayo hakuna hata mmoja darasani aliyewahi kuteka maji yake.

Jumatatu tarehe 6 Februari 1984 aliajiriwa na taasisi ya chuo kikuu inayoshughulikia maendeleo ya vijijini na mijini. Kwa wale msioijua, wakati huo taasisi ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya maktaba, watu sita, na Landrova moja iliyowashwa kwa kusukumwa. Kazi yake ilikuwa kuwatoa walimu na wanafunzi wa chuo waende vijijini na mitaani kuwasaidia watu kupanga mambo yao: kisima kichimbwe wapi, soko likae upande gani, maji ya mvua yapitishwe wapi yasiingie ndani ya nyumba. Dada aliajiriwa kama afisa wa nyanjani, yaani mtu wa kwenda. Wengine walikuwa watu wa kuandika. Yeye alikwenda.

Jina la Mama Futi alipewa mwaka wake wa kwanza. Alikuwa akipima eneo la kisima kwa utepe wa mita hamsini, na ncha moja alimkabidhi mwenyekiti wa kijiji aishike. Upande wa pili ukazuka ubishi: wanaume walitaka kisima karibu na barabara, wanawake walitaka karibu na nyumba. Dada akaingia kwenye ubishi kichwa na miguu, akamsahau mwenyekiti. Saa nzima baadaye walimkuta bado amechuchumaa juani, ameshika ncha, jasho linamtiririka. Alipoulizwa kwa nini hakuiachia, alijibu kwamba yule mama wa futi hajamruhusu. Kisima kikachimbwa karibu na nyumba.

Vijiji vilimfundisha kazi kuliko chuo. Katika kijiji kimoja, mwaka 1986, mfinyanzi mmoja alimwambia waziwazi kwamba wao wamekwisha pimwa mara tatu na wataalamu watatu, na hakuna aliyerudi kuwaambia walionekanaje. Dada alirudi na maneno hayo, akaweka kanuni yake: ripoti yoyote isomwe kwanza mbele ya watu ilikotoka, kwa lugha yao ya kila siku, wakosoe, wakatae, ndipo ipelekwe kufungwa jalada. Kanuni hiyo iliongeza wiki tatu au nne katika kila kazi. Wenzake walinung'unika. Wapo hapa leo, na wanacheka kwa sababu wanajua nasema kweli.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1985 na dereva wa ile Landrova. Hili nalo lina habari yake. Mvua za mwaka huo ziliwanasisha kwenye tope kwa muda wa saa tatu. Dereva alikanyaga mafuta, dada akasukuma, mpaka uso wake haukuonekana kwa matope. Gari lilipotoka, dereva alimpa kitambaa chake cha kufutia kioo, kisha akasema, bila kumwangalia, kwamba angekuwa na elimu angemwambia jambo, lakini yeye aliishia darasa la nane. Dada akajibu, "Mimi nina digrii, na tumekaa tope moja. Sema hilo jambo." Chuoni walisema msomi ameolewa na usukani. Usukani huo umemvumilia miaka thelathini na saba, miezi kumi na siku tatu.

Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1987 na mvulana mwaka 1990. Nyumba yao waliijenga wenyewe, na ninaposema wenyewe nina maana paa lilivuja miaka tisa. Mwanamke aliyepanga mitaa mizima ya watu aliishi na ndoo katikati ya sebule. Wageni wakiiangalia, alisema kinyozi hajinyoi, akaisogeza meza.

Sasa nafika mahali ambapo aliniambia nisiparuke.

Mwaka 1997 baraza la jiji liliiomba taasisi ipime mtaa wa bondeni, ule uliokuwa kando ya mto, chini ya daraja la reli. Madhumuni yalikuwa mazuri: kupeleka mabomba ya maji na kuchimba mifereji. Kuanzia Julai hadi Septemba dada na wanafunzi kumi na wawili waliingia kila nyumba. Waliuliza nani anaishi hapa, tangu lini, wangapi, maji yanafika wapi mvua ikinyesha. Walipaka namba kila ukuta kwa rangi nyekundu. Watu walikuwa wagumu mwanzoni, maana mtu wa bondeni akiona rangi kwenye ukuta wake moyo humwenda mbio. Dada aliwaambia, nyumba kwa nyumba, kwamba namba hizo ni za bomba. Wakamwamini. Walimletea viti.

Katika ripoti liliwekwa jedwali la kaya mia moja ishirini na sita zilizokuwa karibu mno na mto, na pendekezo kwamba hizo zijengewe ukuta wa kuzuia maji kabla ya nyingine. Ilibaki kuisoma mbele ya watu. Lakini mkurugenzi wa taasisi wa wakati huo, ambaye wafanyakazi walimwita Muhtasari kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akifungua ukurasa wa pili, alisema baraza linaitaka haraka, mwaka wa bajeti unakwisha, mkutano wa wananchi utafanyika baadaye. Dada alibisha siku mbili. Siku ya tatu, tarehe 30 Oktoba 1997, alitia saini. Mtoto wake mdogo alikuwa na surua wiki ile na hakuwa amelala vizuri. Alinikataza nisiitaje surua kama kisingizio. Naitaja kwa sababu ilikuwepo.

Baraza lilipata mkurugenzi mpya, na mkurugenzi mpya alipata mipango mipya. Jumatano tarehe 11 Machi 1998, saa mbili asubuhi, mabuldoza mawili yaliteremka bondeni. Waliosimamia walikuwa na karatasi mkononi, na karatasi yenyewe ilikuwa lile jedwali. Hawakuhitaji kuuliza njia. Walikwenda namba kwa namba. Kufikia saa kumi jioni kaya zote mia moja ishirini na sita zilikuwa chini, na baraza likatangaza kwamba limeokoa maisha ya watu kutokana na mafuriko, kwa ushauri wa wataalamu wa chuo kikuu.

Dada alizipata habari ofisini. Mume wake alimpeleka. Alipita kati ya mabati na magodoro mpaka akafika kwa msusi mmoja, mwanamke wa umri wake, aliyekuwa akisuka watu barazani pake na aliyempa kiti cha kwanza siku ile ya kwanza. Ukuta wa baraza ulikuwa umebaki kipande, na kwenye kipande hicho ilikuwepo namba themanini na nane. Msusi alikuwa ameketi juu ya beseni lililogeuzwa, vitana vyake mapajani. Hakulia wala hakupaza sauti. Alionyesha ukuta kwa kidole.

"Hii namba uliipaka wewe," alimwambia. "Uliniambia ni ya bomba."

Shemeji anasema dada alisimama pale muda mrefu kiasi kwamba watu walianza kumzunguka wakiendelea na kazi zao, kama mtu anavyozunguka kisiki. Jioni alikuja kwangu, akakaa jikoni, hakuvua koti. Aliniambia, "Mdogo wangu, sikubomoa mimi. Lakini mimi ndiye niliyewaonyesha pa kuanzia." Nilijaribu kumtuliza. Mimi ni muuguzi, kutuliza ni kazi yangu. Hakutulia, na nakiri kwamba hakutulia tena sawasawa tangu siku ile.

Alimwendea Muhtasari akamwomba taasisi iandike barua ya hadharani, ieleze kwamba ripoti ilishauri kujenga ukuta na wala haikutaja kubomoa. Muhtasari alimwambia kwa upole kwamba mkono mtupu haulambwi. Bila baraza taasisi haina kazi wala ruhusa ya kuingia mtaa wowote. Alimwomba angoje kamati. Dada aliingoja kamati miezi miwili. Ilipokutana, ilijadili maegesho ya magari.

Watu wa bondeni walifungua kesi kwa msaada wa wakili aliyejitolea. Mwezi wa Juni 1999 dada alisimama kizimbani kama shahidi wao, kinyume na ushauri wa mwajiri wake. Nilikuwepo. Ukumbi ulikuwa na feni moja iliyolegea, ikikwaruza muda wote, na ilibidi kila mtu arudie maneno yake. Wakili wa baraza alimpa ripoti, akamuuliza saini ile ni ya nani.

"Yangu."

Akamuuliza kama jedwali ni la kweli.

"Ni la kweli. Ila wenyewe hawakusomewa."

"Kwa hiyo, mama, kosa ni lako."

"Sehemu yake ni yangu, na ndiyo iliyonileta hapa," dada alisema. "Sehemu iliyobaki mtaisema nyinyi wenyewe."

Hakimu alimwomba arudie kwa sababu ya feni. Akarudia vilevile, kwa sauti ileile.

Agosti mwaka huo alihamishiwa chumba cha nyaraka, chini kabisa ya jengo jipya la taasisi, chumba kisicho na dirisha. Hakufukuzwa, maana kumfukuza kungeandikwa magazetini. Walimwacha tu kule na rafu. Alikaa miaka mitano na miezi mitano. Alipanga ripoti zote za taasisi tangu ya kwanza, na kwenye kila moja aliweka kipande cha karatasi: imesomwa kwa wenyewe, au haijasomwa. Hakuna aliyemtuma. Wakati huo ndipo presha ilipomwanza. Alikuwa anarudi nyumbani macho yamevimba kwa vumbi, anakula akiwa amesimama, analala saa mbili usiku kama kuku.

Ila Jumamosi ilikuwa yake. Kila Jumamosi yeye na mume wake waliingia kwenye gari lao bovu wakazitafuta kaya za bondeni. Alikuwa na madaftari ya nyanjani, yale ya mkono, ambayo ripoti haikuyahitaji: majina ya baba na mama wa nyumba, idadi ya watoto, nani anashona viatu, nani anauza maandazi, chumba gani kinavuja. Aliwakuta nyuma ya stendi, kwenye magofu ya kiwanda cha sabuni, kwa shemeji zao, vijijini walikotoka. Alipowakuta aliandika walipo, basi. Wengine walimkaribisha. Mmoja alimmwagia maji ya kufulia. Alijifuta, akauliza watoto wanasoma wapi.

Binti yake ameniruhusu niseme jambo, tena ameniambia nikiliruka atasimama alisome mwenyewe. Amesema mama alijua watoto wa bondeni wote kwa majina, na yeye alikuwa anamngoja dirishani kila Jumamosi hadi giza, na kungoja kule hakuna aliyekuandika daftarini. Dada alilijua hilo. Mwaka jana, kati ya siku moja ya kusafishwa damu na nyingine, alimwomba binti yake radhi. Waliongea mlango umefungwa, nami sikusikiliza, ingawa nilitamani.

Hukumu ilitoka Februari 2004. Baraza liliamriwa kuwapa viwanja wote waliobomolewa, mradi kila mmoja athibitishe kwamba aliishi pale. Watu wa bondeni hawakuwa na hati; nani alikuwa na hati bondeni? Walichokuwa nacho ni madaftari ya dada. Taasisi nayo ilikuwa imepata mkurugenzi mpya, mwanamke aliyewahi kuwa mmoja wa wale wanafunzi kumi na wawili waliopaka namba. Januari 2005 aliteremka mwenyewe chumba cha nyaraka, akamkuta dada juu ya ngazi, akamwambia, "Mama, twende kazini." Dada aliuliza kama ni lazima leo. Alikuwa amechoka, na rafu ya mwisho ilikuwa bado.

Kati ya kaya mia moja ishirini na sita, mia moja na kumi na tano zilipata viwanja kufikia mwaka 2009, juu ya kilima, mbali na mto, na bomba likafika mwaka uliofuata. Kumi na moja hazikuonekana. Watu walimpongeza kwa zile mia na kitu, naye alikuwa akiwajibu kwa kuwatajia majina ya zile kumi na moja, mpaka wakaacha kumpongeza.

Tangu hapo hadi alipostaafu, Mei 2016, alifundisha vijana wa taasisi namna ya kuingia katika nyumba ya mtu. Alikuwa na masharti. Ukipewa kiti, kaa, hata kama kina vumbi. Usianze na swali. Usiandike huku mtu analia. Na hakuna saini kabla ya mkutano wa wananchi. Kanuni aliyoianza kule kijijini sasa imebandikwa mlangoni mwa taasisi, kwa herufi kubwa, bila jina lake, kama alivyotaka. Siku ya kumuaga walimpa saa ya ukutani. Aliwashukuru, akaomba hotuba zifupishwe kwa kuwa miguu inamuuma.

Ugonjwa ulijulikana wazi tarehe 9 Agosti 2022. Presha ya miaka mingi ilikuwa imeziharibu figo zote mbili. Alianza kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Sitawachosha na maelezo ya kitabibu. Niseme tu kwamba ni ugonjwa unaomchosha mgonjwa na kila anayemshika mkono. Shemeji alimpeleka na kumrudisha, na kule nje alikuwa analala ndani ya gari, mdomo wazi. Mwanawe, fundi wa majokofu, alikuja kila Jumapili kumbeba hadi bafuni, na kwa kuwa hakujua la kusema alimweleza habari za kompresa. Dada alimsikiliza kwa makini, na nadhani angeweza kulitengeneza jokofu.

Mwezi wa Januari mwaka huu mtu alibisha hodi. Alikuwa yule msusi. Kiwanja alikuwa amepata mwaka 2006, na kwa miaka yote tangu hapo, wakikutana njiani, alikuwa akimwitikia dada kwa kichwa tu, bila neno. Siku hiyo alisema amesikia mgonjwa hawezi kuinua mikono kuchana nywele. Akaingia, akaweka mkoba mezani, akatoa vitana. Alimsuka mistari midogo, kichwa kizima, kwa muda wa saa mbili na nusu, na hawakuzungumza zaidi ya kuulizana kama inauma. Baada ya wiki mbili alirudi. Akawa anakuja kila baada ya wiki mbili, Alhamisi. Hakutaka malipo; chai alikunywa. Nilimzoea kiasi kwamba nikawa naianza kila Alhamisi kwa kuchemsha maji.

Tarehe 12 mwezi huu alikuja kama kawaida. Dada alikuwa amebaki mifupa, nimemwegemeza kwenye mito. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha sukwa aliposema, kwa sauti ambayo ilibidi tuiinamie, "Mwenzangu, ulinisamehe?"

Msusi hakuacha kusuka. Alifikiri. Nilimwona anafikiri kwa kweli, si kutafuta neno la kumfurahisha mgonjwa.

"Sijui," alisema. "Inamisha kichwa kidogo, nimalize upande huu."

Dada akainamisha. Nilidhani jibu hilo limemuumiza, nikatoka nje na hasira. Niliporudi nilimkuta amesinzia, kichwa chake kimelala kwenye tumbo la msusi, na yule mama amesimama wima bila kusogea, kitana mkononi, akingoja aamke. Aliendelea kusimama hivyo kama dakika arobaini. Nilimletea kiti, akakataa kwa kichwa.

Usiku wa Jumapili tulimrudisha wodini. Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, saa moja na nusu asubuhi, wauguzi wakibadilishana zamu, dada alivuta pumzi ndefu, akaishusha, na hakuvuta nyingine. Nilikuwa nimeshika mkono wake wa kushoto. Mume wake alikuwa ameshika wa kulia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba. Nywele alikuwa amekwisha sukwa, kwa hiyo hatukuwa na kazi hiyo.

Ameacha mume, dereva mstaafu wa taasisi; binti, mwalimu wa shule ya msingi; mwana, fundi wa majokofu; mkwe mmoja wa kiume na mmoja wa kike; wajukuu watano, ambao mkubwa wao anasoma jiografia na amekatazwa na bibi yake kujisifu; mimi mdogo wake; wakwe, mashemeji na mawifi; wafanyakazi wenzake; na watu wa kilimani, ambao leo wamekuja kwa miguu na ndio wengi nyuma kule. Wameniomba niseme kwamba wanaendelea kuzitafuta zile kaya kumi na moja. Mwenye habari za mtu yeyote aliyeishi bondeni kabla ya Machi 1998 awaone tukimaliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotupikia, na wote mliokaa nasi bila kuulizwa.

Shemeji hana nguvu za kusimama kusema. Ameniandikia sentensi moja nyuma ya karatasi ya dawa niisome kama ilivyo: "Kila Jumamosi alikuwa amechoka, na hakuna hata Jumamosi moja aliyoniambia tugeuze gari."

Dada, umefika. Shuka, upumzike kwa amani.